Sauti Tamu na Sauti Yenye Kusema

Kazi za mchana zimekwisha, taa zimewashwa, na natumaini kila mtu amepata mahali pa kukaa, wazee kwenye viti na watoto juu ya mikeka. Leo nataka kuwaeleza habari za ugomvi mmoja mkubwa uliowagawanya wapenzi wa muziki wa Ulaya na Marekani, hata watu wazima wenye elimu na heshima zao wakazomeana ndani ya nyumba za michezo. Ugomvi huo haukuwa wa fedha, wala wa mipaka ya nchi. Ulikuwa juu ya sauti za wanawake wawili.

Labda mtu mmoja atauliza, “Yatuhusu nini sisi mambo hayo ya mbali?” Nami namwomba akumbuke arusi aliyoihudhuria mara ya mwisho. Pengine walikuwapo waimbaji wawili. Wa kwanza alikuwa na sauti laini kama asali, kila mtu akasema, “Mashallah, sauti hiyo!” Lakini walipokuwa wakirudi nyumbani, hapakuwa na mtu aliyeweza kukumbuka aliimba habari gani. Wa pili sauti yake ilikuwa na mkwaruzo, tena mahali pengine ilitetemeka. Walakini alipoimba habari za yatima, wanawake wazee walijifuta macho kwa upindo wa kanga. Basi njiani watu wakabishana: yupi aliyeimba vizuri? Ukiweza kulijibu swali hilo kwa hoja, si kwa kelele, basi umekwisha kuuingia ugomvi ninaotaka kuueleza.

OPERA NI NINI

Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa badala ya kusemwa. Mfalme akitoa amri, huimba. Mtumishi akileta habari, huimba. Na mtu akifa, hufa akiimba. Mchezo wa namna hii ulizaliwa Italia, katika mji wa Florence, karibu na mwaka 1600. Wataalamu na wanamuziki wa mji ule walikuwa wakisoma habari za Wayunani wa kale, wakaamini ya kuwa michezo ya watu wale iliimbwa, wakataka kuifufua. Shabaha yao ilikuwa neno lisikike kwa nguvu zaidi kwa kusaidiwa na muziki. Muziki ulikuwa mtumishi, na neno lilikuwa bwana.

Lakini mwaka 1637 nyumba ya opera ilifunguliwa Venice kwa kila mtu aliyeweza kulipa kiingilio. Tangu hapo mambo yalianza kugeuka. Watu waliotoa fedha zao walitaka kustareheshwa, na kilichowastarehesha kuliko vyote kilikuwa sauti ya mwimbaji hodari ikipanda na kushuka kama ndege. Mtumishi akawa bwana. Basi mwaona ya kuwa ugomvi wetu si wa jana. Ulikuwa umo tumboni mwa opera tangu ilipokuwa changa: je, watu huja kusikiliza kisa, au huja kusikiliza sauti?

Tena yafaa mjue jambo moja kubwa. Waimbaji wa opera, kwa desturi, hawatumii kipaza sauti. Mwanamke mmoja husimama jukwaani, na mbele yake, ndani ya shimo lililo kati yake na watu, hukaa okestra ya watu sitini, sabini au zaidi, wakipiga fidla, zumari, tarumbeta na ngoma. Nyuma ya hao wako watu elfu mbili, na katika nyumba nyingine kubwa zaidi ya elfu tatu. Sauti yake yapasa ivuke yote hayo, ifike kwa mtu aliyekaa roshani ya juu kabisa, wala isiwe makelele. Hii ni kazi ya mwili kama kazi ya mchukuzi wa gati, ijapokuwa mtendaji amevaa hariri.

Sauti ya kike iliyo juu kuliko zote huitwa soprano. Wanafunzi wanaoimba kwaya wanaijua kwa jina la sauti ya kwanza. Katika opera nyingi, binti apendwaye, mke aliyedhulumiwa, malkia aliyekasirika, hao huimbwa na soprano. Ndiyo sababu ugomvi huu umekuwa mkali hasa juu ya masoprano kuliko waimbaji wengine.

KAZI YA KOO

Kabla ya kuhukumu, na tutazame jinsi sauti inavyofanyika. Ndani ya koo mna kano mbili ndogo, ziitwazo nyuzi za sauti. Pumzi ipitapo hutetemeka, nazo hugongana na kuachana upesi mno. Katika noti ambayo okestra hutumia kulinganisha vyombo vyake hugongana kama mara 440 katika nukta moja ya saa; na soprano afikapo noti yake ya juu inayosifiwa sana, hugongana zaidi ya mara 1,000. Sauti hiyo hupata umbo lake katika koo na kinywa, kama vile sauti ya zeze ipatavyo umbo lake katika kibuyu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye fundo la habari. Tofauti ya “a” na “i” na “u” haitoki kooni, hutoka katika umbo la kinywa. Mtu aimbapo noti za chini au za kati, aweza kuzitenga irabu hizi waziwazi. Lakini apandapo juu sana, kinywa kilichobanwa kwa “i” au “u” huikaba sauti. Hana budi kufungua taya, na afunguapo taya, irabu zote huanza kufanana na “a”. Wanafunzi wanaweza kujaribu wenyewe kesho uwanjani. Msichana mmoja aimbe neno “kisu” kwa sauti ya chini, kisha aliimbe juu kabisa awezavyo. Wenzake wataona ya kuwa neno linapotea, au sauti inakuwa kali kama filimbi.

Kitaliani huandikwa kwa irabu zile zile tano tunazoandika sisi, na maneno yake mengi huishia kwa irabu kama maneno yetu. Kwa hiyo lugha yenyewe inafaa sana kuimbwa. Walakini hata Kitaliani hakiwezi kuikwepa sheria hii ya mwili. Katika noti za juu, soprano mara nyingi hana budi kuchagua: ama aitunze sauti, neno lififie, ama alitunze neno, sauti ikwaruze. Basi wanaobishana juu ya uzuri wa sauti na ukweli wa maneno hawabishani juu ya jambo la upuuzi. Wanabishana juu ya mlango mwembamba ambao kila soprano lazima aupite.

Liko na jambo la pili. Sauti ya mtu ina sehemu zake: ya chini, iitwayo sauti ya kifua, ya kati, na ya juu, iitwayo sauti ya kichwa. Walimu wa Kitaliani waliwafundisha wanafunzi wao kwa miaka mingi kuziunganisha sehemu hizo hata mshono usionekane, kama fundi hodari ashonavyo kanzu. Lakini wako waimbaji ambao mshono wao husikika. Ukiwasikiliza wakishuka, ni kama mtu mwingine ameshika wimbo. Wapenda uzuri huliita jambo hili kosa. Wapenda mchezo husema ya kwamba rangi mbili ni bora kuliko moja, ikiwa mwimbaji anajua lini aitumie hii na lini aitumie ile.

WAZEE WALISEMAJE

Bibi Giuditta Pasta, aliyezaliwa mwaka 1797, alikuwa na sauti ya namna hiyo. Hata waliompenda walikiri ya kuwa haikuwa sawa tangu juu hata chini. Lakini Stendhal, mwandishi mkubwa wa Ufaransa, alimsifu sana katika kitabu chake cha miaka ya 1820, akaeleza ya kuwa huko kutolingana kwa sauti zake ndiko kulikompa njia nyingi za kuigusa mioyo. Naye mtungaji Bellini alipotunga opera yake Norma, iliyochezwa mara ya kwanza Milan mwaka 1831, mwanamke aliyepewa kazi ya Norma alikuwa Bibi Pasta huyu.

Ushahidi wa pili ni wa Giuseppe Verdi mwenyewe, mtungaji mkuu wa opera za Kitaliani. Verdi alikichukua kisa cha Shakespeare cha Macbeth, akakifanya opera, ikachezwa mara ya kwanza Florence mwaka 1847. Katika kisa hicho mke wa Macbeth anamchochea mumewe amwue mfalme aliye mgeni nyumbani mwao. Baadaye dhambi inamrudia. Usiku anatembea huku amelala, akisugua mikono yake kuondoa damu isiyotoka. Mwaka 1848 watu wa Naples walitaka kuicheza opera hiyo, wakamchagua Bibi Eugenia Tadolini, mwenye sauti nzuri na sura nzuri. Je, Verdi alifurahi? La. Aliandika barua kutoka Paris kuwaonya. Alisema ya kuwa bibi yule anaimba kwa ukamilifu mno, na sauti yake ni safi kama ya malaika. Lakini yeye kwa mke wa Macbeth alitaka sauti ya ukali, iliyozibwa, yenye giza. Alifika hata kusema ya kuwa mahali palipo muhimu kuliko pote katika opera ile hapapasi kuimbwa kabisa.

Fikirini, ndugu zangu, mtungaji wa nyimbo akimkataa mwimbaji kwa sababu anaimba vizuri kupita kiasi! Lakini tukiyafikiri maneno yake twaona maana. Mwuaji akiimba kwa sauti ya malaika, msikilizaji atasahau ya kuwa mbele yake yuko mwuaji. Wazee wetu walilisema jambo hili kwa maneno machache: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

BIBI TEBALDI

Sasa twafika kwa wanawake wetu wawili. Wa kwanza ni Bibi Renata Tebaldi. Alizaliwa Pesaro, Italia, mwaka 1922. Alipokuwa mtoto wa miaka mitatu alishikwa na ugonjwa wa kupooza, na kwa kuwa hakuweza kucheza kama watoto wengine, akaelekea muziki. Alisoma Parma, kisha akafundishwa na Bibi Carmen Melis, mwimbaji wa opera. Mara yake ya kwanza kuimba opera ilikuwa Rovigo mwaka 1944, wakati wa vita.

Nyumba kuu ya opera ya Italia ni La Scala, mjini Milan. Mabomu yaliivunja mwaka 1943. Vita vilipokwisha Wataliani waliijenga upya kabla ya mambo mengine mengi, na Toscanini, kiongozi mashuhuri wa okestra, alirudi kutoka Marekani kuongoza muziki wa kuifungua tena, tarehe 11 Mei 1946. Aliwajaribu waimbaji vijana, akamchagua Tebaldi awe mmoja wa watakaoimba siku ile. Fikirini maana yake kwa watu waliotoka vitani, wenye njaa na misiba, kuisikia sauti ile pana, laini, yenye joto, isiyo na mkwaruzo, ikiijaza nyumba iliyokuwa magofu. Tangu hapo watu wakasema ya kuwa ana sauti ya malaika, na sifa hiyo ilimfuata mpaka mwisho.

BIBI CALLAS

Wa pili ni Bibi Maria Callas. Wazazi wake walikuwa Wagiriki, lakini alizaliwa New York mwaka 1923. Mwaka 1937 mama yake alimpeleka Ugiriki, na huko Athens alifundishwa na Bibi Elvira de Hidalgo, Mhispania, aliyemfunza ufundi wa kale wa Kitaliani: kupanda na kushuka upesi, kupamba wimbo, kushika pumzi. Mwaka 1947 alifika Italia, akaimba Verona chini ya kiongozi Tullio Serafin.

Jambo lililomtangaza lilitokea Venice mwezi wa Januari 1949. Alikuwa akiimba opera ya Wagner, Mjeremani, ambayo huhitaji sauti nzito yenye nguvu nyingi. Mara mwimbaji mwingine aliyekuwa aimbe opera ya Bellini, I puritani, akaugua. Opera hii huhitaji sauti nyepesi yenye kuruka kama shore. Serafin akamtaka Callas ajifunze kazi ile katika muda wa juma moja hivi, huku bado anaendelea na ile ya Wagner. Akafanya. Watu wakashangaa, kama ambavyo mngeshangaa mkimwona mtu aliyeshindana mieleka leo, na kesho akashinda mbio.

Lakini sauti yake haikuwa na usawa wa Tebaldi. Mshono ulisikika. Noti zake za juu mara nyingine ziliyumba, na zile za kati zilikuwa kama zinatoka ndani ya chupa. Callas mwenyewe hakuwa mgeni wa mambo haya. Walakini alikuwa na kipawa cha kulipaka kila neno rangi yake: hasira, haya, dharau, hofu, na kutumaini jambo lisilo na tumaini. Mwaka 1952 aliimba La Scala kazi ile ile ya mke wa Macbeth, na walioikumbuka barua ya Verdi walisema ya kuwa mtungaji amempata mtu aliyemtaka, zaidi ya miaka mia moja baada ya kuiandika.

MAKUNDI MAWILI

Mwaka 1950 Tebaldi aliugua, na Callas akaitwa La Scala kuimba Aida mahali pake. Mwishoni mwa mwaka 1951 Callas akapewa kuufungua mwaka wa opera wa nyumba ile. Basi mji ukagawanyika. Juu kabisa katika La Scala iko roshani ya watu wa bei rahisi. Hao ndio wajuao kila noti, nao hawaoni haya kuzomea. Kundi moja likampigia makofi Tebaldi, jingine Callas. Magazeti yakachochea moto, maana ugomvi huuza magazeti kuliko amani. Tangu mwaka 1955 Tebaldi alipata makao ya pili katika nyumba ya Metropolitan ya New York, akaacha kuimba La Scala mpaka mwaka 1959.

Hebu tuzisikilize hoja zao kama mzee asikilizavyo mashauri barazani, kila upande kwa zamu yake.

Wafuasi wa Tebaldi walisema hivi: “Opera ni kuimba. Anayetaka maneno matupu na aende kutazama mchezo usio na muziki. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza; sauti nzuri haihitaji kusaidiwa na hila za uso na mikono. Tena uzuri wenyewe una maana. Mtazameni Desdemona katika Otello ya Verdi, mke asiye na kosa ambaye mumewe anakuja kumwua kwa wivu. Kabla ya kulala anaimba wimbo wa huzuni aliousikia utotoni, kisha anasali. Tebaldi akiimba mahali hapo haongezi kilio wala kwikwi. Usafi wa sauti yake unatuonyesha usafi wa moyo wa mwanamke huyo, nasi twaumia kwa sababu twajua ya kuwa kitu kizuri namna hii kitavunjwa.”

Hoja hii ni nzito, wala haifai kudharauliwa. Nayo yakubaliana na Verdi yule yule aliyewaonya watu wa Naples, maana Desdemona alimpa nyimbo zenye kutiririka tangu mwanzo hata mwisho.

Wafuasi wa Callas walijibu: “Mtu akiwa katika uchungu hasemi kwa sauti ya kupendeza. Mtazameni Violetta katika La traviata, anayekufa kwa kifua kikuu. Katika sehemu ya mwisho anasoma barua kwa kusema tu, bila kuimba, kisha anaimba kuyaaga maisha yake. Mwenye afya aimbapo mahali hapa kwa sauti ya kushiba, twamwona mwimbaji, hatumwoni mgonjwa. Callas aliipunguza sauti yake ikawa nyembamba kama uzi, kama pumzi iliyobaki kidogo kifuani. Je, noti ile ni nzuri? Labda siyo. Lakini ni ya kweli.”

Naam, hoja hii pia ni nzito. Mwaka 1955 Callas aliicheza kazi ya Violetta La Scala chini ya mwelekezaji Luchino Visconti, na mchezo ule umetajwa mpaka leo kila wanapokutana wapenzi wa opera.

MAKOSA YA PANDE ZOTE MBILI

Sasa nitasema yale niyaonayo mimi, nanyi mtayapima wenyewe.

Kosa la kwanza ni kudhani ya kuwa Callas alikuwa mwigizaji asiyejali muziki. Sivyo. Alikuwa mwanafunzi mkali wa karatasi za muziki. Mahali mtungaji alipoandika noti ishikwe, aliishika. Alipoandika noti tatu ndogo za pambo, alizitoa zote tatu, tena kila moja kwa maana yake. Hakulia ili kuwaliza watu. Mwimbaji asiyejua kazi yake, akipiga kelele na kusema kuwa ndiyo huzuni, huyo hana ukweli wala uzuri. Wanafunzi waimbao kwaya na wakumbuke jambo hili: ukali wa moyo hauwi badala ya kujifunza.

Kosa la pili ni kudhani ya kuwa Tebaldi alikuwa sauti tupu. Sivyo. Anayesikiliza santuri zake atasikia maneno ya Kitaliani yametamkwa waziwazi, na sentensi zimepewa urefu na uzito wake. Alisema kwa njia ya wimbo wenyewe, kama mtu mpole asemaye bila kuinua mkono.

Kosa la tatu ndilo kubwa. Watu walikwenda kusikiliza wakiwa wamekwisha kukata hukumu nyumbani. Mfuasi wa mmoja hakuyasikia mazuri ya mwingine, ijapokuwa yaliimbwa mbele ya masikio yake. Huyo hakumdhuru mwimbaji peke yake, alijinyima mwenyewe. Maana wanawake wawili wa namna ile kuishi wakati mmoja ni bahati isiyokuja kila siku, naye aliitupa nusu ya bahati yake.

GHARAMA YAKE

Hata hivyo, hatuwezi kuumaliza ugomvi huu kwa kusema tu ya kuwa wote wawili walikuwa wazuri, kama mtu agawaye nazi nusu kwa nusu. Kuchagua kuna gharama. Callas aliimba mapema kazi nzito na kazi nyepesi kwa pamoja, na hakuihurumia sauti yake. Wengine wanasema iliharibiwa na kazi hizo; wengine wanasema ni kwa sababu alipunguza mwili wake sana katika miaka ya 1953 na 1954; na mpaka leo wataalamu hawajapatana. Lakini matokeo yanajulikana. Tarehe 2 Januari 1958, mjini Rome, alianza kuimba Norma mbele ya Rais wa Italia, akaacha baada ya sehemu ya kwanza kwa kuwa sauti haikutoka, na watu wakamtukana vibaya. Opera yake ya mwisho aliiimba London mwezi wa Julai 1965, akiwa na umri wa miaka 41. Baadaye, katika miaka ya 1973 na 1974, alizunguka tena ulimwenguni akiimba nyimbo moja moja, na waliompenda walihuzunika kusikia yaliyobaki.

Tebaldi naye hakukosa shida. Mwaka 1963 sauti yake ilichoka, akapumzika, akajifunza upya, kisha akarudi. Aliendelea na opera hata mwaka 1973, na nyimbo za jukwaani hata mwaka 1976. Aliitunza sauti, nayo ikamtunza. Basi mwanafunzi mwenye kipawa na ajue ya kuwa mbele yake mna njia mbili. Sauti itunzwayo hudumu. Sauti imwagwayo yote huacha alama ya moto, lakini huisha mapema. Nani awezaye kumwamulia mwenziwe?

MWISHO WA UGOMVI

Tarehe 16 Septemba 1968 Tebaldi aliimba New York, siku ya kufunguliwa mwaka wa opera wa Metropolitan. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwapo Callas. Pazia liliposhuka, Callas alikwenda nyuma ya jukwaa kumwona mwenziwe, nao wakakumbatiana mbele ya wapiga picha. Miaka kumi na minane ilikuwa imepita tangu siku ile ya Aida. Vijana waliozomeana roshani ya juu walikuwa wamekuwa watu wazima. Siku ile ile ya mwezi, miaka tisa baadaye, 16 Septemba 1977, Callas alikufa Paris, naye alikuwa hajatimiza miaka 54. Tebaldi aliishi mpaka mwaka 2004.

Wote wawili wamekwenda, lakini sauti zao zimehifadhiwa, na yeyote apatapo nafasi aweza kuzisikia. Akizisikia, namshauri afanye hivi. Asisikilize mara moja tu. Mara ya kwanza na asahau maneno, asikilize sauti peke yake, ajiulize: je, mshono wasikika? Mara ya pili na aelezwe kwanza kisa, ajue anayeimba ni nani na amepatwa na nini; kisha ajiulize: je, namwona mtu huyo? Mara ya tatu na ajiulize lililo gumu kuliko yote: je, sauti hii inamfaa mtu huyu? Maana yule afaaye kuwa Desdemona huenda asifae kuwa mke wa Macbeth, wala hilo si aibu kwake.

Mizani hiyo hiyo mwaweza kuichukua mpaka arusini, msikitini, kanisani na penye ngoma, popote mtu ainuapo sauti mbele ya wenziwe. Na mkirudi njiani mkibishana juu ya waimbaji wawili, bishaneni sana, maana ubishi wa namna hiyo ni starehe yake. Lakini kila mmoja na awe kwanza amewasikiliza wote wawili mpaka mwisho.

Kwa herini, wasikilizaji wapenzi. Mlale salama.